Mbio au vyuma? Kipi kianze, na kwa nini usiache hata kimoja

Asubuhi ya Jumamosi mtaani utawaona wa aina mbili. Kuna wale wa jogging klabu, wamevaa fulana za rangi moja, wanapita barabarani wakiimba. Halafu kuna vijana wa jimu ya uani, wananyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Wa kwanza wanasema vyuma vinakaza mwili. Wa pili wanasema mbio zinamaliza misuli.

Ukweli ni kwamba kila upande una nusu tu ya kazi.

Mazoezi ya pumzi, yaani kukimbia, kutembea haraka, kuogelea, kuendesha baiskeli au kuruka kamba, yanaufundisha moyo kusukuma damu nyingi bila kuchoka upesi. Mazoezi ya nguvu yanashughulika na misuli na mifupa. Na misuli haikai ilivyo: kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu asiyeitumia hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa na moyo mzuri kabisa lakini akashindwa kunyanyuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate vyote viwili. Dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 ikiwa ni ya nguvu nyingi, na juu yake siku 2 au zaidi za kufanyisha misuli kazi. Wengi wanasoma hiyo sehemu ya kwanza, ya pili wanairuka.

Sasa hofu ya kwamba mbio zinakula misuli ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Marekani mwaka 1980. Mtafiti Robert Hickson aligawa watu makundi matatu kwa wiki 10: wa vyuma peke yake, wa pumzi peke yake, na wa vyote viwili. Kundi la mchanganyiko liliongezeka nguvu vizuri mpaka kama wiki ya 7 au ya 8, kisha nguvu zikaanza kushuka. Habari ikaenea jimu zote.

Kinachosahaulika ni kiasi walichopiga. Wale watu walinyanyua vyuma siku 5 kwa wiki, na wakafanya ya pumzi kwa kasi kubwa siku 6. Hiyo ni adhabu, siyo tizi la mtu anayetoka kazini saa kumi na moja akapambana na daladala. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2022 katika jarida la Sports Medicine ulionyesha kuwa kuchanganya hakuzuii misuli kukua wala nguvu kuongezeka. Kilichopungua kidogo ni nguvu ya ghafla, ile ya kuruka au kuchomoka, hasa vyote vikifanywa kwa mkupuo mmoja.

Kwa mwenye presha kuna habari nyingine ya kumgusa. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Iowa, Marekani, kwa watu 406 wa miaka 35 hadi 70 wenye uzito mkubwa na presha ya juu. Kwa mwaka mzima walifanya mazoezi ya saa moja, mara 3 kwa wiki. Waliofanya ya pumzi tu, na waliogawa saa hiyo nusu kwa nusu, walipunguza hatari ya magonjwa ya moyo. Wa vyuma tu hawakupata nafuu hiyo. Lakini wa nusu kwa nusu walipata na pumzi, na nguvu pia, kwa muda uleule.

Basi kipi kianze? Anza na kile unachokitaka zaidi. Ukitaka nguvu, nyanyua kwanza ukiwa mbichi, kisha kimbia. Ukijiandaa na mbio za kilomita 21, kimbia kwanza. Ukiweza kuvitenganisha, kimoja asubuhi na kingine jioni, ni bora zaidi. Tena usipange mbio ndefu kesho yake baada ya kuchosha miguu kwa skwati, utajuta.

Wiki ya anayeanza inaweza kuwa hivi: Jumatatu na Alhamisi nguvu, Jumanne na Jumamosi pumzi, siku nyingine kutembea. Huna jimu? Pushapu, skwati, na dumu la maji la lita 10 ambalo ni kama kilo 10. Dumu likiwa jepesi, chukua la lita 20. Kasi ya pumzi ipime kwa mdomo: kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. (Wale wa jogging klabu wanaoimba njia nzima, hapo kuna la kujiuliza.)

Anayetaka kitambi kiondoke asidanganyike na kukunja tumbo mara 200. Mwili haukubali kuchomwa mafuta sehemu moja tu. Na misuli hujengwa na chakula: mayai, maharage, dagaa vinatosha.

Wakati wa kunyanyua usibane pumzi, maana presha hupanda ghafla. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Mwenye presha, kisukari au aliyekaa miaka bila mazoezi aonane na daktari kwanza. Na maumivu ya kifua au kizunguzungu yakianza katikati ya zoezi, weka dumu chini, kaa, usimalizie raundi.