Hema, mvua na jiko la mkaa: Usiku ambao mtoto alitushinda akili

Mwaka huu tulipanga kwenda Lushoto. Bibi yao alishaambiwa, mbuzi alishatengwa, na kila Jumapili kwenye simu alikuwa anawauliza wajukuu kama bado wanakula ugali. Kisha tukaangalia bei ya tiketi tano za ndege mwezi Agosti, shule zikiwa zimefungwa, tukatazamana na baba watoto bila kusema neno.

Tunaishi Karlsruhe, kusini magharibi mwa Ujerumani. Badala ya Lushoto tukaazima hema kwa mfanyakazi mwenzangu, tukabana watu watano kwenye gari dogo, tukaondoka kwa siku tisa. Wa mwisho, mwenye miaka minne, alifurahi. Wa kati, miaka tisa, aliuliza kama kuna intaneti. Binti yetu mkubwa, ambaye ana miaka 13, hakuuliza kitu. Tangu alipoambiwa safari ya kwa bibi imekufa alikuwa hazungumzi na baba yake, na alipolazimika kumjibu, alimjibu kwa Kijerumani.

Mvua ilitupokea siku ya pili tukiwa Titisee, ziwa dogo lililo katikati ya misitu ya Schwarzwald. Haikuwa mvua ya radi ya kupiga na kupita. Ilikuwa ile ya rasharasha isiyokoma, inayoingia kwenye mikate, kwenye soksi na kwenye maneno ya watu.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kuijua ndoa yako, simamisha hema kwenye mvua. Sisi tulisimamisha la kwanza ndani nje, tukalivua, tukaanza upya huku majirani kwenye magari yao yenye vitanda wakitutazama kupitia vioo. Kambi za huku nazo zina sheria zake. Nyingi hufunga geti mchana, kuanzia saa saba hadi saa tisa, watu wapumzike. Ukifika saa saba na dakika tano, unakaa nje na watoto wako. Maji ya moto ya kuoga mara nyingi hulipiwa kwa sarafu, na yakikatika una sabuni kichwani, hiyo ni juu yako.

Friedrichshafen, kando ya ziwa Bodensee, ndiko tulikopata nafuu. Kuna makumbusho ya ndege kubwa za gesi za Zeppelin, na ndani wamejenga upya sehemu ya ile Hindenburg, unapanda ngazi na kuingia kwenye vyumba vya abiria. Mwanangu wa kiume akauliza kama ndege hizo ziliwahi kufika kwetu. Nikamwambia moja ilijaribu. Novemba 1917 ndege iitwayo L 59 iliondoka Bulgaria ikiwapelekea vifaa askari wa Kijerumani waliokuwa wakipigana Afrika Mashariki, ikafika Sudan, ikaamriwa kugeuza. Binti mkubwa alikuwa anasikiliza. Akasema, kwa Kiswahili safi, "Kama sisi." Baba yake akajifanya anasoma kibao.

Jumamosi jioni tulifika karibu na Füssen, chini ya milima ya Alps. Hapo mvua ilikuwa nyumbani kwake: mawingu yanayotoka magharibi na kaskazini hugonga milima na kuacha maji yote upande huu, na kiangazi ndicho kipindi chenye mvua nyingi zaidi. Mtu wa Lushoto, aliyekulia kwenye ukungu wa Usambara, angepaswa kulijua hilo kabla ya kupanga safari. Tulikuwa tumepanga kuiona Neuschwanstein, ngome ambayo mfalme Ludwig II alianza kuijenga mwaka 1869 na kufa mwaka 1886 kabla haijaisha. Tuliiona kwa dakika kama nne hivi, wingu lilipofunguka.

Jumapili joto lilishuka hadi nyuzi tisa. Mfuko wa kulalia wa yule mdogo ulikuwa umelowa, na huku Jumapili maduka hufungwa, hakuna pa kununua hata blanketi. Saa tatu usiku mtoto alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Nikamvua nguo, nikamkumbatia tumbo kwa tumbo ndani ya mfuko wangu.

Baba watoto akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba jiko letu dogo la kuchomea nyama, makaa yamekolea, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Akaliweka ndani, kwenye ukumbi wa hema, akafunga zipu.

Nakiri kwamba nilishukuru. Lile joto lilikuwa tamu.

Binti akainuka. "Baba, toa. Imeandikwa kwenye mfuko wa mkaa."

"Mimi nimelelewa na jiko," akajibu. "Lala."

Hakulala. Alifungua zipu, akashika jiko kwa vishikio akitumia sweta lake, akatoka nalo pekupeku. Tukasikia mkaa ukilia mvuani, tsss. Baba yake alimfuata kwa hasira, na yaliyosemwa huko nje sitayaandika hapa.

Kumekucha, akavaa miwani, akausoma ule mfuko. Kulikuwa na mchoro wa onyo, na maneno kwamba usitumie ndani, kuna hatari ya kufa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, kichwa kinauma, usingizi unakuja, na aliyelala haamki. Makaa kutokuwa na moshi hakumaanishi ni salama, na hata yanapofifia yanaendelea kuitoa. Jikoni kwa bibi Lushoto kuna nafasi kati ya ukuta na bati, upepo unapita. Hema letu tulikuwa tumeziba kila tundu kwa ajili ya mvua. Kwetu sisi, kila msimu wa baridi, tunasikia habari za familia zilizolala na jiko. Tulizisikia, na bado tulifunga zipu.

Baba watoto alikwenda kukaa na binti yake chini ya mti, wamejifunika turubai moja. Walikaa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na mimi sikuuliza.

Tulikatisha siku mbili. Njiani, tukiwa Ulm tunakula viazi vya kukaanga ndani ya gari, alimpigia mama yake akamsimulia yote, bila kujificha. Bibi alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika.

"Mpe simu huyo mtoto," akasema.

Waliongea Kiswahili mpaka salio likaisha. Sasa kuna kopo la maziwa juu ya friji yetu, lina tundu kwenye mfuniko, na baba watoto hutumbukiza humo chenji zote za chupa anazorudisha dukani. Kwa senti 25 kila chupa, tiketi ya kwanza ina safari ndefu.