Utupa, Tumbaku na Swali Linalosahaulika Zahanati

Kabichi zinazopakiwa kwenye malori pale Makambako, katika njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile ielekeayo Njombe na Songea, hukaguliwa kwanza kwa macho. Mnunuzi hataki jani lenye tundu. Tundu hilo mara nyingi ni kazi ya kiwavi mdogo wa kijani wa nondo mgongo-almasi, mdudu aliyejijengea usugu dhidi ya viuatilifu vingi vya viwandani. Ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wakulima wayageukie tena majani.

Mwarobaini, usifiwao sana pwani, hauupendi ubaridi wa Njombe. Mahali pake hushikwa na utupa, kichaka ambacho majani yake hupondwa, hulowekwa usiku kucha katika maji yenye sabuni kidogo, kisha huchujwa na kupuliziwa. Pareto nayo hulimwa katika nyanda hizi, na kiwanda chake kipo Mafinga. Viini vya mimea hii miwili huvunjwavunjwa na jua, hivyo mabaki yake kwenye mboga hupungua upesi. Kwa mlaji, hiyo ni faida ya kweli.

Hata hivyo, neno “asili” limewapumbaza wengi. Utupa ndio ule ule uliotumiwa na wavuvi kuulia samaki: rotenoni iliyomo huzuia seli kutumia oksijeni. Kuoshea bomba la kupulizia mtoni ni kuua samaki wa mto huo. Maji ya tumbaku ni hatari zaidi kwa binadamu. Nikotini hupenya ngozi, kwa hiyo aliyebeba mgongoni bomba linalovuja anaweza kudhurika bila kuonja hata tone. Huanza kwa kichefuchefu, kutapika, jasho, mate mengi na kizunguzungu. Sumu ikizidi, hufuata degedege na kulegea kwa misuli ya kupumulia.

Dalili hizo hufanana mno na za sumu ya oganofosfeti. Mgonjwa akiulizwa kama ametumia dawa shambani, huweza kukana, tena kwa ukweli wake wote, maana kwake “dawa” ni ile ya dukani. Swali lifaalo ni pana zaidi: amepulizia nini, yakiwemo majani, na amekichanganya na nini? Wakati jibu likitafutwa, mhudumu aliyevaa glavu amvue nguo zilizolowa, amwoshe kwa maji mengi na sabuni, asimtapishe, na aangalie upumuaji wake. Nikotini na rotenoni hazina kiondoa sumu mahususi. Kinachookoa ni oksijeni, kusaidiwa kupumua, na rufaa isiyocheleweshwa.

Nyumbani, hatari kubwa ni chupa ya soda iliyojazwa maji hayo na kuwekwa mahali mtoto anapofika. Maji ya majani hupoteza nguvu yakikaa. Mkulima atengeneze ya kutosha kupulizia jioni moja tu, na ndoo aliyolowekea isirudi jikoni.