Muhogo wa haraka na ubongo wa watoto wetu

Mara nyingi tunaongea hapa juu ya mbegu, mozaiki ya muhogo na bei ya soko. Mara hii tunaongea juu ya ubongo wa mtu, tangu akiwa tumboni mwa mama mpaka uzee. Mutauliza: hiyo si kazi ya daktari? Ni ya daktari, lakini ni ya mkulima pia. Ubongo unajengwa na chakula, maji safi, masomo na pesa ya nyumba, na kwetu karibu vyote hivyo vinatoka shambani.

Konzo, ugonjwa wa miguu iliyofungwa

Mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ulioonekana Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu anakuwa mzima, kisha kwa muda mfupi sana miguu inakaza, anatembea kwa ncha za vidole au kwa fimbo, wengine hawasimami tena. Hauzidi kila siku, lakini hauponi. Unashika zaidi watoto waliopita miaka 3 na wamama wa umri wa kuzaa.

Chanzo chake tunakijua vizuri. Muhogo mchungu una sumu inayoitwa sayanidi. Ukilowekwa siku za kutosha na kuanikwa vizuri, sumu inatoka. Ile kidogo inayobaki, mwili unaiondoa kwa msaada wa protini zenye salfa, zile za samaki, nyama, mayai, na kiasi fulani maharagi. Mtu akikula ugali wa muhogo uliolowekwa vibaya, asubuhi na mangaribi, bila samaki wala maharagi, mwili unakosa silaha. Hapo konzo inaingia.

Sasa tuulize: juu ya nini mama aloweke siku moja, naye anajua kazi ya siku tatu tangu kwa nyanya yake? Watafiti waliofika Bandundu walikuta jibu barabarani. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, wachuuzi waliingia vijijini kutafuta muhogo. Pesa ilikuwa inangojea ndani ya lori, na lori halingojei. Watu wakapunguza siku za kuloweka. Barabara ilileta pesa, na pamoja na pesa ikaleta haraka. Haraka haraka haina baraka.

Huku kwetu mashariki si mbali na hayo. Mwaka 2011 waganga walitangaza konzo katika Kivu ya Kusini, eneo lililoteswa na vita. Mtu anayekimbia hawezi kulinda maharagi wala mbuzi. Muhogo mchungu ndio unabaki udongoni ukimngojea, na wezi pia hawaupendi. Akirudi na njaa, ataupika upesi.

Hata mtoto anayetembea vizuri

Jambo lililotugusa zaidi ni hili. Huko Kahemba, profesa Désiré Tshala-Katumbay na wenzake walipima akili za watoto: kukumbuka, kujifunza, kutumia mikono. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Watoto wenye konzo walipata alama za chini. Lakini hata ndugu na majirani wao wanaotembea vizuri, wanaokula ugali uleule, walikuwa chini ya watoto wa eneo jirani lisilo na konzo. Maana yake, sumu inaweza kupunguza nguvu ya ubongo bila kugusa miguu. Mwalimu atasema mtoto ni mvivu, mzazi atamchapa, kumbe shida iko ndani ya sahani.

Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kilitufundisha somo lingine. Tangu miaka ya 1960 watafiti walikuta huko watu wengi wenye rovu, na watoto waliozaliwa na akili nzito juu ya kukosa iodi. Sumu ya muhogo, mwili ukiigeuza, inazuia tezi ya shingo kuchukua iodi. Mama mwenye mimba akikosa iodi, ubongo wa mtoto unachelewa kabla hajazaliwa.

Na njia inaendelea. Mtoto aliyechelewa anaacha masomo mapema. Masomo mafupi yanaleta kazi ya pesa kidogo, na chakula kidogo kwa watoto wake. Hata uzeeni, wenye masomo machache wanapatwa zaidi na ugonjwa wa kusahau. Umaskini wa baba unaweza kupita katika ubongo kwenda kwa mjukuu.

Koperative inaweza kufanya nini

Kwanza, tusimlaumu mama. Anayechota maji mbali na ana deni la minerval hawezi kushinda haraka peke yake. Koperative inaweza.

Mupange siku ya kukusanya muhogo kufuatana na kuloweka, si kufuatana na lori. Siku tatu kamili, na kule mlimani kwenye baridi nne au tano, mpaka muhogo ulainike wenyewe. Muuze pamoja, ili mchuuzi anayetaka kosete za siku moja asipate mtu wa kumuuzia.

Mutenge visima vya kulowekea karibu na maji, na zamu za kuvilinda. Mwizi ndiye anayefanya wengi watoe muhogo mapema.

Mupande maharagi, soya na karanga pamoja na muhogo. Sambaza au ndagala kidogo katika sahani ya mtoto ina faida kubwa. Chumvi iwe yenye iodi, ifunikwe vizuri.

Kwa unga ambao tayari una mashaka, kuna njia iliyotengenezwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia na kutumiwa na wamama wa Popokabaka. Weka unga katika sahani, tia alama pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Hapo simama. Utandaze juu ya mkeka, unene usipite sentimeta 1, saa 2 kwenye jua au saa 5 kivulini, inje ya nyumba, juu hewa inayotoka ni ya sumu. Pika siku ileile. Haihitaji pesa, lakini haichukui nafasi ya kuloweka vizuri.

Tunawaomba muweke swali moja katika mkutano ujao: muhogo wetu unakaa majini siku ngapi, na ni nani anayeamua, sisi au lori? Mwenye kuandika ripoti aandike jibu. Tutakapopita kuwatembelea, tutaanza na hilo kabla ya kuuliza tani.