Habari za Vita na Maradhi Baina ya Jamaa wa Pwani na Hadhramaut

Miongoni mwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, kuanzia Lamu na Pate hadi Mombasa, Unguja na Ngazija, wapo wengi ambao nasaba zao zina ncha mbili: moja imo katika mtaa waliozaliwa, na ya pili imo ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Hadhramaut, iliyo kusini mwa Bara Arabu na ambayo leo ni sehemu ya Yemen. Wazee wao, masharifu waliotoka Tarim na Seiyun wakiwa na elimu, na Washihiri waliotoka Shihr na Mukalla kutafuta riziki kwa biashara na kwa nguvu za mikono, walioa huku, wakazaa huku, na wengi wao wakazikwa huku. Walakini hawakuacha kuuliza hali za ahali waliobaki kule, wala wale wa kule hawakuacha kuuliza hali za huku. Sasa, nchi ya upande mmoja inapoingiliwa na vita, na juu ya vita yakafuata maradhi ya kuambukiza, jamaa hawa waliotengwa na bahari huambiana nini, na huambiana vipi? Hayo ndiyo nikusudiayo kuyaeleza, kwani adabu ya kupashana habari za balaa ni amali kubwa katika amali za watu wa Pwani, na ndani yake mna mambo yapasayo kuhifadhiwa, na mna moja ambalo wakati umekwisha kutufunza kuliacha.

Zamani habari zilifuata pepo. Kaskazi ilipovuma, tangu Disemba hata Machi, majahazi yalishuka kutoka Shihr na Mukalla yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, ambaye mpaka leo sifa yake haijatoka vinywani mwa wapishi wa Mombasa. Na kusi iliposhika yalirejea na boriti za mikoko na nafaka. Ndani ya sanduku la nahodha mlikuwamo barua, zilizoandikwa kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na kila barua ilikuwa na mpango wake usiovunjwa. Kwanza hutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Kisha huja sifa za mwandikiwa, kwa kadiri ya umri na heshima yake. Kisha salamu za kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, mmoja mmoja kwa jina lake. Kisha mwandishi husema kwamba yeye na waliomzunguka ni wazima, nao wanamshukuru Mola. Baada ya hayo yote, ndipo kalamu hufikia jambo lililomfanya ashike kalamu, liwe ni kodi ya nyumba, ni posa, ni deni, au ni msiba.

Asiyeijua desturi huona kwamba maneno hayo ya mwanzo ni mapambo tu, na kwamba mtu angeokoa wino na karatasi lau angeanza na haja yake. Huko ni kutotambua hikima iliyomo. Barua iliyokaa baharini wiki kadhaa, na ambayo jibu lake halitarajiwi kabla ya msimu mwingine, haifai kumwangukia mtu kwa kishindo. Msomaji aliyekwisha kutajiwa jamaa zake wote, akajua ni nani aliyesalia na ni nani anayemwombea dua, huupokea msiba akiwa ameshikwa mikono pande zote. Kadhalika, lile jina lililorukwa katika orodha ya salamu lilikuwa ni ishara. Mtu mwenye kufahamu, alipoona kwamba shangazi fulani hakutajwa, aliutayarisha moyo wake kabla ya kuufikia mstari wenye habari yenyewe.

Balaa zenyewe hazikupungua katika zama hizo. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, ilikatika fedha ambayo Wahadhrami wa huko walikuwa wakiwapelekea jamaa zao mwaka hata mwaka. Na mvua nayo ilipokosekana, njaa ya 1943 na 1944 iliangamiza watu kwa maelfu katika mabonde ya Hadhramaut. Jamaa wa Afrika ya Mashariki wakawa miongoni mwa matumaini machache yaliyobaki. Wala haikuwa daima kwamba msiba ulikuwa wa kule na faraja ya huku. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaendelea kuua hata mwaka uliofuata. Na tabibu James Christie, aliyekuwako mjini wakati huo, alieleza katika kitabu chake cha 1876 jinsi ugonjwa ule ulivyopita nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani, kisha ukavuka bahari. Katika miaka kama hiyo, walioshika roho mikononi wakingoja majahazi yalete habari walikuwa ni wale wa Arabuni.

Leo barua imeondoka, na simu imekaa mahali pake. Lakini mpango wa barua haukuondoka. Ijumaa baada ya sala, au usiku baada ya isha, simu huwekwa juu ya mkeka, sauti ikafunguliwa ili wote wasikie, na mkubwa wa nyumba ndiye aanzaye. Kijana hasemi kabla ya baba yake, na asemapo hutanguliza heshima: "Assalamu alaykum, ami, shikamoo." Naye ami, ikiwa ni katika wale waliozaliwa Mombasa au Unguja wakahamia kwa wazee wao, hujibu kwa Kiswahili kisichopata kutu: "Wa alaykumus salaam, marahaba mwanangu. Hamjambo nyote? Mama hajambo? Watoto hawajambo?" Ikiwa ni katika wale wasiojua ila Kiarabu, mzee mmoja hufasiri, na watoto huokota maneno mawili matatu. Kisha wanawake huichukua simu wakaenda nayo chumbani, na huko ndiko habari za kweli aghalabu husemwa: nani ana mimba, nani haonekani akila, duka gani limefungwa, na bei ya unga imefika wapi.

Vita vya Yemen vilipopamba moto mwezi wa Machi 2015, mazungumzo haya yaliingiwa na hadhari ambayo haikuwamo. Hadhramaut haikuonja mapigano makali kama yale ya Taiz na Aden, lakini Mukalla ilitwaliwa na al-Qaida Aprili mwaka huo, ikakaa mikononi mwao hata Aprili 2016, na uwanja wa ndege wa Riyan, uliokuwa mlango wa wasafiri, ukafungwa. Basi jamaa wakajiwekea sheria isiyoandikwa popote. Hapaulizwi nani anashinda. Hapatajwi jina la kiongozi, wala la kabila, wala la njia ambayo mtu alipita. Mtu wa Mombasa akisahau akauliza, "Je, hao watu wangali mjini?", yule wa kule hujibu, "Hali ya hewa ni njema, alhamdulillahi," na muulizaji akafahamu kwamba amevuka mpaka. Sababu yake haikuwa woga peke yake wa sikio la tatu katika waya. Katika vita vya ndugu kwa ndugu, jamaa wa nyumba moja huweza kuwa na rai mbili, na aliye mbali, akala na kulala kwa salama, hana haki ya kutia kuni katika ikhtilafu ambayo moto wake hautamfikia. Ukimya huu ni adabu, tena ni adabu njema: unahifadhi roho za waliomo vitani, na unauhifadhi udugu ili vita vikiisha uwepo wa kurejewa.

Na penye kifo pana taratibu zake. Tanzia haipelekwi moja kwa moja kwa mfiwa. Aliye kule humpigia mwanamume wa makamo katika ukoo, au jirani mwenye busara, naye huyo huenda kwa miguu yake mpaka nyumbani kwa mwenye msiba, akakaa, akazungumza mengineyo, akauliza kwanza kama mgonjwa wa moyo ametumia dawa yake. Kisha ndipo hulitaja jina la marehemu na kurejesha hukumu kwa Mwenyezi Mungu. Kwa kuwa Waislamu wa Pwani na wa Hadhramaut aghalabu ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na madhehebu hayo yanaruhusu kumsalia maiti aliye ghaibu, msikiti wa Lamu humsalia aliyezikwa Tarim, na khitma husomwa pande mbili za bahari. Hata zile nyiradi zisomwazo wakati wa dhiki ni za asili moja: Ratibu ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad, mwanachuoni wa Tarim aliyefariki 1720, husomwa katika misikiti yetu kama isomwavyo kwao, na wenye kuisoma hawajihisi kwamba wametengana.

Walakini katika habari za maradhi ilikuwako desturi nyingine, nayo ndiyo inipasayo kuisema kwa uwazi. Mgonjwa wa mbali alikuwa hasemwi. Iliaminiwa kwamba kumtia mtu wasiwasi juu ya jambo asiloweza kulishika ni kumdhulumu; hivyo mama aliye mahututi husemwa kuwa "ana homa kidogo", na aliyelazwa "amekwenda kupumzika". Nia ilikuwa ni huruma, nami siibezi. Lakini wahenga hao hao ndio waliotuachia kauli kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kipindupindu kilipozuka Yemen mwezi wa Oktoba 2016, kauli hiyo ilisadiki kwa namna isiyosahaulika. Pampu za maji zilikosa mafuta, taka zikarundikana mijini, mishahara ya watumishi wa serikali ikakatika, na hospitali zisizobomolewa zikakosa dawa. Kufikia mwisho wa 2017 walioshukiwa kuupata ugonjwa huo walikuwa wamefika milioni 1, na waliokufa walizidi 2,200. Waliopigwa zaidi walikuwa watu wa Hudaida, wa Hajja na wa Sanaa, lakini hofu haikuacha bonde lolote.

Sasa kipindupindu si ugonjwa unaongoja adabu zetu. Mtu huanza kuharisha asubuhi, na kabla ya jua kuchwa maji yamemwishia mwilini. Lakini pia si ugonjwa usio na dawa: anayetibiwa mapema hupona, na katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Baina ya kufa na kupona, aghalabu, ni saa chache na maji safi ya lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akanyweshwa mgonjwa kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali. Basi yafaaje habari ya mgonjwa kama huyo ifichwe kwa ajili ya staha? Hapo wanawake waliitangulia zamu ya wanaume. Badala ya kuuliza "habari za nyumbani", wakaanza kuuliza: "Khalati, maji mwayatoa wapi? Mwayachemsha? Nani anaharisha?" Maswali ambayo zamani yangehesabiwa kuwa ni utovu wa adabu yakawa ndiyo adabu yenyewe, na fedha iliyokuwa ikipelekwa kwa hawala kwa ajili ya sikukuu ikapelekwa kununua maji na dawa.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka kwa namna ambayo hapana aliyeitazamia. Mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa katika Yemen yote alionekana tarehe 10 Aprili mjini Shihr, mji ule ule ambao Washihiri wa Mombasa walichukua jina lao kwake. Simu za kuwafariji zilikuwa hazijaisha, ndipo tarehe 6 Mei serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuingia na kutoka katika Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ya mwezi wa Ramadhani, misikiti ikiwa imefungwa. Wengi wakaogopa kupimwa wasije wakatengwa na watu wao, na kikohozi kikaanza kufichwa kama aibu. Hapo jamaa waliokwisha kukaa miaka mitano katika vita wakawa ndio wapigao simu kwanza: "Mwanangu, mna chakula? Yuko anayekohoa? Usinifiche." Na yule aliyezoea kutoa shauri na fedha akajifunza kupokea shauri kwa unyenyekevu. Wazee wakakumbushana mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kutoingia penye tauni wala kutoka penye tauni, na jinsi Sayyidna Umar alivyorudi njiani asiingie Sham wakati wa tauni ya Amwas. Kujihadhari hakupingani na kuamini kadari.

Kutoka katika mambo haya, mimi naona kipimo kilicho wazi. Ukimya juu ya vita huhifadhi, na ukimya juu ya maradhi huua. Vita vina masikio, na neno moja huweza kumponza asiye na hatia. Maradhi hayana masikio, wala hayajui kabila, na silaha ya kwanza dhidi yake ni kujulikana. Vijana wetu, ambao katika simu zao habari za vita hufika kabla ya salamu, picha za maiti zikarushwa kwa jamaa yeyote na saa yoyote, wameyapindua haya mawili: husema kwa wingi lile lipasalo kunyamaziwa, na hunyamaza palipo na mgonjwa ndani ya nyumba. Haifai kuwalaumu bila kuwafunza. Wafundishwe kwamba salamu ndefu haipotezi wakati. Kwamba tanzia ina mjumbe wake na saa yake. Kwamba aliye mbali haulizi nani anashinda, bali huuliza nani ana njaa. Na kwamba anayeumwa husemwa kwa jina la ugonjwa wake, ili aliye na tabibu amtafutie, aliye na fedha apeleke, na asiye na kitu ajue ni nani wa kumwombea.

Mwezi wa Januari 2022, shambulio la anga huko Hudaida lilikata intaneti ya Yemen kwa takriban siku 4, na nyumba nyingi za Pwani zikaonja tena kule kungoja kwa zama za majahazi. Siku hizo zilidhihirisha kwamba jamaa wa mbali hana uwezo wa kuzuia kombora, wala wa kuzibua mtaro wa mji asiokaa. Alicho nacho ni kujua, na kwa kule kujua, kutenda lile lililo katika uwezo wake. Kwa hiyo amwambiaye jamaa yake kweli, kwa upole na kwa mpango waliotuachia wazee, huwa amempa fursa ya kuwa jamaa kwa vitendo; na amfichaye, hata kwa mapenzi, humpokonya fursa hiyo, akamwachia taazia peke yake.