Kinga ndogo ya kukunja: namna tunavyoifunga mizigo ya kambi



Tangu vijana walipotuona bandarini Bukavu tukiwa na baiskeli ndogo, au kinga kama tunavyoiita hapa kwetu, iliyokunjwa kama kiti cha arusi, wanatuuliza mambo mawili: tuliipata wapi, na inawezaje kubeba mizigo ya kambi ya siku mbili. La kwanza ni jepesi. Ni ya mitumba kama nguo zetu nyingi. Ina magurudumu ya inchi 20 na bawaba katikati ya fremu. Mji wetu ni wa milima: kutoka Kadutu hadi ziwani unashuka umepanda, kurudi unasukuma. Kinga kubwa haibebeki kwenye moto, lakini hii inakaa kati yako na dereva, na katika mtumbwi inalala chini ya benchi. La pili ndilo limetufanya tuandike, maana tulijifunza kwa kuumiza mtu.

Safari ya kwanza tulikwenda kisiwani Ijwi, kambi ya vijana ya Ijumaa hadi Jumapili. Tulifunga kila kitu kwenye keria ya nyuma: hema, blanketi mbili, sufuria, unga wa muhogo kilo tano, begi la nguo, na juu kabisa vitabu vitatu vya ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi. (Mtu aliyepita chuo cha theolojia anaogopa kulala mahali bila vitabu. Hatukufungua hata kimoja.) Mlima wa kwanza tulisukuma vizuri. Tulipoanza kushuka, usukani ulitetemeka, mzigo ukavuta kushoto, na breki ya nyuma ikawa kama haipo. Kijana mpiga ngoma wa kwaya yetu alikuwa anatembea mbele. Alituona kwa kuchelewa, akaruka mtaroni, akaangukia mkono. Mungu alitusaidia, haukuvunjika, lakini alikaa wiki tatu bila kupiga ngoma. Tuligharamia dawa, na Jumapili tuliomba msamaha mbele ya kambi nzima.

Tuliporudi nyumbani tulikwenda kwa muuza nyama na kuomba mzani wake. Mzigo ule ulikuwa kilo 31. Sisi wenyewe ni kilo 81. Kinga nyingi za aina hii zimetengenezwa kubeba mtu na mzigo wake kwa jumla ya kilo 100 hadi 110. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya Jumapili anaiweza, sisi hatukuifanya.

Lakini kilo peke yake si jibu lote. Gurudumu dogo hugeuka upesi kuliko kubwa, kwa hiyo kila mtikisiko wa mkono unafika barabarani. Nguzo ya kiti ni ndefu na hupinda kidogo. Ukiweka uzito juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, nalo ndilo linaloongoza. Wenye chukudu wa Goma wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Tazameni namna wanavyopanga magunia: mazito yanalala kwenye ubao, chini, karibu na ardhi, na mepesi ndiyo yanayopanda. Chukudu ni ya mbao na haina hata mnyororo, lakini inashuka na viazi vya familia ishirini.

Basi sasa tunafunga hivi. Vizito vinawekwa chini na mbele: begi dogo linaning'inia kwenye bomba la mbele, chini ya usukani, lenye Biblia, maji, vyombo vya fundi na chakula. Lisizidi kilo nne, na lisiguse nyaya za breki. Nyuma kwenye keria tunaweka furushi moja tu, hema na blanketi vikiwa vimeviringishwa pamoja ndani ya turubai. Furushi lilazwe kwa upana wa keria, lisitokeze sana pembeni, maana kinga hizi ni fupi na kisigino kitaligonga kila unapokanyaga pedali. Tunalikaza kwa mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa vipande virefu, ule ule wanaofungia jeri za mafuta. Kamba ya nailoni inalegea njiani, mpira unaendelea kubana. Mgongoni hatubebi kitu, kwa sababu jasho la mlimani linatosha.

Hapa kuna jambo ambalo wenye kinga kubwa hawalijui. Kinga ya kukunja haikunjiki ikiwa na mizigo. Bandarini utafungua kila kitu, mtumbwi ukiwa unangoja na watu wanakusukuma. Ukiwa na vifurushi sita, kimoja kitabaki mchangani. Mizigo iwe miwili: mkono mmoja ubebe kinga, mwingine ubebe furushi, na begi dogo uvae shingoni. Sisi hujaribu nyumbani jioni ya kuamkia safari, huku mama wa nyumba akihesabu dakika. Tukipita tano, tunapunguza kitu.

Ukishaikunjua upande wa pili, usipande kwanza. Shika usukani na kiti, uitikise. Kishikio cha bawaba kiwe kimefunga mpaka mwisho, na nguzo ya kiti isivutwe kupita alama iliyochongwa juu yake. Pompa upepo hadi gurudumu liwe gumu, maana gurudumu dogo lenye upepo mdogo linaharibu rimu kwenye jiwe la kwanza. Chukua mpira wa ndani wa akiba kutoka mjini, kwa wauza kinga za watoto, kwa sababu vijijini utakuta ule wa kinga kubwa tu. Kwenye mteremko mrefu tunashuka na kutembea. Hatuoni aibu tena.

Kuhusu vya kuacha, kila mtu ana udhaifu wake, na wetu mmekwisha kuusikia. Ijwi ina mananasi, ndizi na muhogo, kwa hiyo kubeba chakula kingi huko ni kuwadharau wenyeji. Sufuria tunaazima. Kitenge kimoja kinakuwa shuka, taulo na pazia. Blanketi moja lazima, kwa sababu ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari na baridi ya alfajiri haina huruma hata mwezi wa saba. Wengine wanatukumbusha kwamba Bwana aliwatuma wale kumi na wawili bila mkoba. Ni kweli, lakini Paulo alipokuwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu. Tunajifariji kwa mstari huo, kisha tunachukua Biblia ndogo na daftari.

Wapo wanaoona kinga hizi ni mchezo wa matajiri. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa miavuli wa Uingereza waliruka na kinga za kukunja za BSA. Ile maarufu ya London, Brompton, iliyobuniwa na Andrew Ritchie miaka ya 1970, ilipewa jina la kanisa lililokuwa mbele ya nyumba yake, Brompton Oratory. Ni la ndugu zetu Wakatoliki, lakini tulifurahi tulipojua.

Tusiache habari ya mtumbwi, maana nao unapakiwa. Katika mkoa wetu kambi haipangwi kwa ramani tu: tunauliza kwanza njia ikoje na wenyeji wanasema nini. Ziwa nalo lina maswali yake. Baada ya ajali ya Aprili 2019, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita uwezo wake, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wetu wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Ndiyo maana tunaitazama mashua kama tulivyojifunza kuitazama kinga. Ikiwa maji yamekaribia ukingo, hatuingii, hata kama tulikwisha kulipa.

Safari yetu ya mwisho Ijwi ilikuwa hivyo. Ijumaa mchana mashua ilijaa watu, magunia na mbuzi, na jile hazikutosha. Vijana walinung'unika, kwa sababu franga za nauli hazikurudishwa zote. Tulirudi nyumbani na furushi letu, tukalala, tukavuka Jumamosi asubuhi, na mkutano wa kwanza wa kambi tukaukosa. Mzigo wetu safari hii ulikuwa kilo 11. Tulipofika kwenye ule mteremko tulimkuta mpiga ngoma akitungoja kando ya njia, mikono yote miwili mizima.

"Baba Pasta," akasema, "leo nitatembea nyuma yako."