Mashine ya mwisho ilizimwa, rangi zikabaki mkandani

Na Mwandishi Wetu

WENGI waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ugenini wana sanduku moja ambalo halijapata kufunguliwa hadi chini. Humo, pamoja na vyeti na nguo za zamani, aghalabu kuna vijikasha vya picha ndogo zilizobanwa kwenye fremu za karatasi au plastiki. Ukiinua moja dirishani, unamwona marehemu mjomba amesimama, shati lake jekundu kama lilivyokuwa siku ile. Hizo ndizo slaidi.

Slaidi si sawa na picha za kawaida za studio. Mkanda wa kawaida hutoa negativu yenye rangi zilizogeuka, na kutokana nayo mpiga picha huchapa nakala kadiri mteja anavyotaka. Mkanda wa slaidi ukisafishwa, wenyewe ndio unaokuwa picha yenye rangi zake halisi. Negativu hakuna. Slaidi ikipotea au ikiota ukungu, basi tena.

Mkanda uliotamba

Uliovuma kuliko yote ni Kodachrome, wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Uliingia sokoni mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka 1936 kwa kamera za picha. Wavumbuzi wake, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, walikuwa wanamuziki. Mwaka 1965 Kodak ilileta Super 8, kaseti ndogo ya futi 50 ambayo baba wa familia aliichomeka kwenye kamera akarekodi harusi kwa takriban dakika tatu.

Ni kwa Kodachrome pia mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha binti wa Kiafghanistan katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistan, mwaka 1984. Picha hiyo ilitoka kwenye jalada la jarida la National Geographic mwezi Juni 1985 na kuzunguka dunia nzima. Mwenyewe, Sharbat Gula, alikuja kupatikana mwaka 2002, akiwa amekwisha kurejea kwao Afghanistan.

Kilichouponza

Katika mikanda mingine ya slaidi, kama Ektachrome na Velvia, viini vya rangi hutiwa kiwandani. Ndani ya Kodachrome havikuwamo. Viliingizwa wakati wa kusafisha, rangi moja baada ya nyingine, kwa mashine kubwa na wataalamu wa kemia. Kwa hiyo mwenye Kodachrome alitegemea maabara chache tu.

Kamera za video zilipoenea miaka ya 1980, watengeneza sinema wa nyumbani walihama. Kamera za dijitali zikawachukua wapiga picha. Kodachrome ya Super 8 ilisitishwa mwaka 2005. Juni 22, 2009 Kodak ilitangaza kuachana na Kodachrome kabisa, kwani mauzo yake yalikuwa chini ya asilimia moja ya mauzo ya mikanda yake ya picha.

Wakati huo maabara iliyobaki duniani ilikuwa moja, Dwayne's Photo, katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas. McCurry alipewa mkanda wa mwisho kutoka kiwandani, wa picha 36, akaupeleka huko mwaka 2010. Siku ya mwisho ya kupokea mikanda ilikuwa Desemba 30, 2010. Mteja mmoja peke yake alikuwa na mikanda 1,580. Januari 2011 mashine ilizimwa. Tangu hapo, Kodachrome ambayo haijasafishwa haina maabara ya kuitoa rangi. Inaweza kusafishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu.

Kodak yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012, na mwaka huo huo ikasitisha Ektachrome. Lakini Ektachrome ilirudi sokoni mwaka 2018, kwa kuwa hutumia dawa za mfumo wa E-6 ambazo hata mtu mmoja anaweza kuzichanganya nyumbani.

Ufanye nini?

Mfanyabiashara unayevusha kamera za mtumba mpakani, soma maandishi ya mkanda kabla ya kutoa fedha. Ukiandikwa K-14, usimwahidi mteja rangi. Ukiandikwa E-6, bado kuna maabara zinazousafisha, ingawa mkanda uliokaa sana kwenye joto huharibika.

Mwenye slaidi zilizokwisha kusafishwa, usikate tamaa. Kodachrome iliyotunzwa gizani hushika rangi kwa miongo mingi, ila mwanga wa projekta huifubaza haraka. Zitoe kwenye sanduku la bati lililo chini ya paa la mabati, uziweke mahali pakavu pasipo joto. Kisha zitengenezee nakala: zipeleke kwenye skana, au weka slaidi mbele ya mwanga mweupe uipige kwa simu.

Na kabla ya kufunga kijikasha, mwite mama au shangazi akutajie walio pichani, uandike majina kwenye fremu. Rangi zinaweza kudumu, lakini mwenye kukumbuka majina hana nakala.