Ndege wa Uani Kwetu

Asubuhi moja, baada ya darasa la Kurani kuvunjika, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 11 alibaki nyuma. Mkononi alikuwa na manati, na mfukoni mwa kanzu yake alikuwa na ndege mdogo aliyekufa, mwenye manyoya ya kung'ara na mdomo mwembamba uliopinda. Hakuja kuungama kosa, alikuja kuuliza. Akasema, "Maalim, huyu aitwaje?"

Tulimtazama yule ndege, tukamgeuza huku na huku, na jawabu hatukuwa nalo. Tukamwambia, "Ni ndege tu. Nenda kanawe mikono."

Mama wa nyumba yetu alikuwa akipepeta mchele karibu na jiko. Akasema bila ya kuinua kichwa, "Huyo ni chozi. Hunyonya maua ya mgomba wetu kila asubuhi. Walikuwa wawili."

Wasomaji wetu watukufu, maneno hayo yalitutia haya kuliko kukemewa mbele ya watu. Miaka zaidi ya 30 twasomesha watoto hapa Kisauni, ng'ambo ya mji wa Mombasa. Mara ngapi tumewasomesha Sura ya An-Naml na kisa cha Nabii Suleiman na Hudihudi, yule ndege aliyeleta khabari ya yakini kutoka Sabaa! Mara ngapi tumewasimulia khabari ya Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, kijana mdogo aliyefiwa na kindege chake, na Bwana Mtume s.a.w. akamuuliza habari zake ili kumliwaza! Tena hakumuuliza juu ya "ndege" tu, alimtaja kwa jina la jinsi yake. Na sisi tulio walimu wa khabari hizo hatukumjua jirani aliyekuwa akila katika mgomba wetu.

Siku hiyo hatukumpiga yule kijana. Tulimketisha tukamsimulia kisa kilichomo katika Hadithi za Abu Daud: masahaba walikuwa safarini, wakatwaa makinda mawili ya ndege, na mama yao akawa anapiga mbawa juu yao kwa uchungu. Mtume s.a.w. alipomwona aliuliza nani aliyemhuzunisha, akaamuru makinda yarudishwe. Kijana akauliza, "Na aliyekwisha kufa hurudishwaje?" Swali hilo nalo hatukuwa na jawabu lake.

Baadaye tulisoma khabari za mtu mmoja zikatufaa sana. Mtu huyo ni Salim Ali, Muislamu wa Bombay, aliyezaliwa mwaka 1896. Alikuwa yatima, akalelewa na mjomba wake. Alipokuwa mtoto alimpiga shomoro kwa bunduki ndogo, na alipomwokota akaona ana doa la manjano kooni. Akatia shaka kama ndege huyo ni halali kuliwa, akampelekea mjomba wake. Mjomba hakusema, "Ni ndege tu." Alimwandikia barua, akamtuma kwa chama cha wataalamu wa viumbe hapo Bombay, na huko mtoto akaonyeshwa makabati yaliyojaa ndege waliokaushwa na kuandikwa majina. Yapata mwaka 1908. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa ndege wa Bara Hindi, na kitabu chake juu ya ndege wa nchi hiyo kilipigwa chapa mwaka 1941. Alifariki mwaka 1987. Tazameni tofauti ya jawabu moja na jawabu jingine kwa mtoto mwenye kuuliza.

Basi tulinunua daftari la kurasa 96, tukaandika juu yake: Ndege wa Uani Kwetu. Kwanza ilitupasa tuamue mwaka upi utumike. Mwaka wetu wa Hijria hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa kiasi cha siku 11. Kwa hivyo Ramadhani huzunguka ikapita katika kaskazi na katika kusi. Lakini ndege huja na kuondoka kwa kufuata jua na pepo. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana pamoja na miezi ya Kiislamu walikuwa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, wakihesabu miongo yake kwa ajili ya vyombo na mashamba. Sisi twaanza Januari, kwani ndiyo kalenda ya shule za watoto, na pembeni twatia tarehe ya Hijria.

Kisha tuliweka kanuni. Haandikwi ndege ila aliyeonekana uani, juu ya paa, au akipita juu yetu. Kila jinsi huhesabiwa mara moja kwa mwaka, siku ya kwanza kuonekana. Aliyesikiwa asionekane hutiwa alama mbali. Asiyejulikana jina huandikwa sifa zake, wala jina halibahatishwi. Na mbele ya kila mstari huandikwa saa na jina la aliyeona. Wenye elimu ya Hadithi hawakuridhika na maneno mpaka wamejua yamepokewa kwa nani. Tukaona si vibaya watoto wetu wakazoea adabu hiyo katika jambo dogo kabla ya kuifikia katika jambo kubwa.

Mwezi wa kwanza tuliandika jinsi 12, tukastaajabu, kwani tulidhani hawafiki watano. Alikuwamo kunguru, mwewe, shomoro wa darini, na tetere. Alikuwamo shore, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, ambaye ndiye aimbaye kabla ya wengine baada ya Alfajiri. Walikuwamo minana wafumao viota vyao katika makuti ya jirani. Dudumizi tulimsikia kwa muda mrefu, sauti yake kama maji yamiminwayo kutoka gudulia lenye shingo nyembamba, na tukamwona mara moja tu mwezi wa Mei, siku ya mvua, akitambaa ndani ya kichaka. Majina mengi yaliyomo daftarini yameonwa na mama wa nyumba. Sisi tulio barazani tulidhani twajua ya mtaa mzima, kumbe aliyeko jikoni ndiye ajuaye ya uani.

Khasa tulijifunza kwa mbayuwayu. Huja kwetu yapata Septemba na Oktoba, kusi likiisha, na ifikapo Aprili huwa wengi wao wamekwisha kuondoka. Hao huzaa Ulaya na Asia, wakakimbia baridi kuja kwetu, na uzito wa mmoja ni kiasi cha gramu 20 tu. Watoto walipoisoma tarehe ya mwisho waliyoonekana, na tarehe waliyorudi, walifahamu jambo la safari na majira ambalo kwa maneno yetu lisingaliwaingia.

Sasa tutaje kosa letu. Mwezi wa Novemba daftari lilikuwa na jinsi 27. Asubuhi moja tulikuta mstari mpya umeandikwa na yule kijana wa manati: "Hudihudi, juu ya ukuta, baada ya Alfajiri." Furaha tuliyokuwa nayo ilikuwa kubwa. Jioni ile tulikwenda barazani tukawatangazia wazee kwamba ndege wa Nabii Suleiman amezuru nyumba yetu. Wakatoa pongezi, na mmoja akasema ni baraka.

Usiku mama wa nyumba akamwuliza kijana kwa upole, "Shungi lake lilikuwa limesimama au limelala? Na mabawa yake yana mistari gani?" Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Nilitaka tufike 28. Na nilitaka awe huyo."

Tungaliweza kumtia makosani peke yake, lakini haki si hiyo. Yeye ni mtoto, nasi tulikuwa na kanuni yetu wenyewe ya kumwuliza mwenye kuona, tukaiacha kwa kuwa khabari ilitupendeza. Khabari ipendezayo ndiyo ihitajiyo kuulizwa zaidi. Kesho yake tulirudi barazani, tukawaambia wazee wale wale kwamba khabari ya jana si kweli na kwamba tuliisema bila ya kuhakikisha. Ilikuwa nzito kwa mwalimu mwenye mvi. Hatukuchana ukurasa, tulipiga mstari juu ya jina, tukaacha lisomeke. Kijana akawa anakuja kila Alfajiri mpaka Desemba akimngoja Hudihudi. Hakumwona. Mwaka ulipokwisha tulimpa kalamu yeye aandike jumla, akaandika 27.

Huenda msomaji akauliza, yafaa nini yote haya? Twamjibu kwa mfano wa kunguru. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivujivu si wa nchi hii. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazaana, akavuka bara, na Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na uani kwetu tumemwona kwa macho akirarua viota vya minana. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kiasi cha milioni 1. Wazee wetu husema kwamba zamani ndege wadogo walikuwa wengi mjini. Walikuwa jinsi gani, na wangapi? Hapana ajuaye, kwani hapana aliyeandika. Huko Uingereza, mwaka 1979 watoto walianza kuhesabu ndege wa bustani za nyumba zao kwa muda wa saa 1 katika mwezi wa Januari, na hesabu hiyo huendelea kila mwaka hata leo. Kwa hesabu hiyo ya watu wa kawaida imejulikana kwamba shomoro waonekanao bustanini wamepungua kwa zaidi ya nusu. Lau wasingaliandika, nao wangalibaki na masimulizi kama sisi.

Kijana mmoja hodari wa hoja alituambia, "Maalim, kunguru na mwewe wamo katika wale watano walioruhusiwa kuuawa katika Hadithi. Basi manati yana kosa gani?" Tukamwambia: ruhusa hiyo ni kwa ajili ya dhara, wala si mchezo, na jiwe lako halichagui, kwani lililomuua chozi halikuwa limekusudiwa kunguru. Kazi ya kuwapunguza ina wenyewe waliokabidhiwa. Yako wewe ni kulifunika jaa la nyumba yenu, maana kunguru hushiba kwa taka zetu.

Basi ndugu zetu, tunawanasihi kila nyumba iwe na daftari lake. Gharama yake ni kalamu na subira. Wakati mwema ni baada ya Alfajiri, na tena kabla ya Magharibi. Wekeni kivulini bakuli pana lenye maji machache, na mbadilishe maji kila siku. Msishike viota wala mayai. Mkitaka kujua wingi wao, andikeni idadi kubwa mliyoiona kwa mara moja, msije mkamhesabu ndege yule yule mara tatu. Mwenye darubini aielekeze mtini kwake, asiielekeze ua wa jirani, kwani sitara ya watu ni kubwa kuliko ndege yeyote. Na mtoto akiuliza jina msilolijua, mwambieni, "Hatujui, tutazame pamoja."

Huu ni mwaka wetu wa tatu. Mwaka wa pili tulipata jinsi 31, na Hudihudi hayumo. Chozi aliyebaki hakuonekana kwa miezi mingi. Kisha mwezi wa Agosti walikuja wawili tena mgombani, wala hatuwezi kusema kama mmoja wao ndiye yule. Kijana sasa ana miaka 13. Mpira wa manati yake ndio tunaofungia daftari. Yeye ndiye awafundishaye wadogo namna ya kuandika, na jambo la kwanza awaonyeshalo ni ule mstari uliofutwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutazama na wenye kusema kweli. Amin.